Kwa Nini Nyangi Alikaa Benchi

Enos mdogo wangu, usinicheke. Nimetoka uwanjani sasa hivi.

Nyangi wangu ametolewa robo ya mwisho, timu yao ya kikapu ya chuo iko nyuma pointi mbili tu. Mrefu kuliko wote, ametolewa. Mashabiki tukabishana. Kulwa, kijana niliyekaa naye, anasema kocha ana sababu. Nikamwambia sababu gani, hawa wanapangaga watoto wa wenzao, wa kwetu Bugwema wanakaa benchi.

Nikaingia. Ndiyo, ndani ya uwanja, mpira unachezwa. Nikamwambia kocha, "Mrudishe binti yangu."

Refa akasimamisha mechi. Nyangi ndiye aliyejibu, watu wote wanasikia: "Baba, nina faulo tano. Ukifikisha tano huruhusiwi kurudi."

Faulo tano. Mimi nilijua ni kama mpira wa miguu, bila kadi nyekundu faulo hazikutoi. Na hao viongozi wa chuo hawatuelezagi kitu. Marehemu mama yake ndiye alikuwaga anaenda kwenye mechi zake, mimi nabaki na ng'ombe.

Kulwa ananiambia, "Mzee, toka, unatufungisha." Tumefungwa kweli.

Jumamosi wanacheza tena. Nyangi amesema nisiende. Nenda wewe, Enos. Asikose mtu wa kwao pale.