Gari Lililojipaka Mafuta Upande Mmoja

Mpendwa Mama Neema,

Nimeacha kukupigia simu. Kila nikipiga, ama unanong'ona, "Ngoja, mtoto amelala," ama unapaza sauti, "Ngoja, mtoto analia," na kwa vyovyote vile simu inakatika kabla sijamaliza salamu. Barua haikatizwi na mtoto. Hii naiandika wazi na kuiweka katika kundi letu la familia ili wanao wote waisome, hasa wale walioniandikia, "Mzee, hilo gari lipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu." Waisome hadi mwisho.

Unakumbuka asubuhi ile ulipopanda basi hapa Musoma kwenda Dodoma kumlea Neema na kichanga chake? Ulikwisha kuweka mguu kwenye ngazi ya basi, ukageuka. Sikutarajia maneno ya mapenzi, maana sisi si watu wa mambo hayo mbele ya abiria, lakini nilitarajia walau neno kuhusu kuku. Ukasema, "Baba Neema, mjukuu wangu haendi kwa mama yako Mwitongo na gari ya kukodi. Anaenda na ya kwangu." Mlango ukafungwa.

Nawe wajua hali ya gari lako. Kila tairi la nyuma lilipoingia shimoni, kitu kilikuwa kikigonga chini ya buti, go, go, go, hata watu wa njia ya Butiama walikuwa wakisogea pembeni kabla hawajatuona. Tulikwisha kuuzoea mlio ule kama watu wanavyouzoea mkoromo wa mwenza wao. Lakini kumpakia mtoto mchanga juu ya kitu kinachogonga ni jambo lingine. Nikalipeleka kwa Magesa, yule fundi mnene ambaye ulikuwa ukimuuzia samaki.

Akaliinua kwa jeki, akalala chini yake, akaguna. Mimi humwogopa fundi anayeguna.

"Mzee," akasema mwishowe, "gari hii mlinunua kwa watu wa Tanga?"

"Hapana. Tangu tulinunue halijavuka Mwanza."

"Basi kuna mtu anaiogeshaga na maji ya bahari. Njoo uone."

Nikaingia uvunguni na suruali yangu iliyopigwa pasi. Upande wa kushoto, bolti zinazoufunga mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu la nyuma zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zimekonda katikati kama kiuno cha nyigu. Kutu ilikuwa ikibanduka kwa magamba makubwa, na juu yake palikuwa na ukoko mweupe. Magesa akaugusa kwa kidole, akaulamba, akatema. "Chumvi!"

Hapo nikacheka, Mama Neema. Nilicheka nikiwa nimelala chali chini ya gari, na Magesa akadhani jeki imeniangukia. Bahari gani? Ilikuwa kayabo yako! Miaka yote ile ulipokuwa ukiwachukua sangara pale sokoni Mwigobero, wamepasuliwa na kutiwa chumvi, huku hawajakauka vizuri, ukiwapanga upande wa kushoto wa buti na kuwapeleka Bunda. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kwamba maji yao yasituame ndani ya gari, nawe ukang'oa kizibo cha mpira kilicho sakafuni ili yatoke. Yakatoka, na yalikotokea ndiko ziliko bolti.

Nikamwuliza Magesa juu ya upande wa kulia. Akahamisha taa, akapiga mluzi. Kule hapakuwa na kutu hata chembe. Palikuwa peusi, panang'aa, pamegandamana vumbi na mafuta. Alitia spana, akavuta mara moja, bolti ikazunguka kana kwamba ilifungwa jana.

Je, unalikumbuka galoni lako la mafuta ya sangara? Lile la njano, lenye ufa chini, lililokaa daima upande wa kulia? Mara ngapi nilikusihi ulitupe! Siku moja tulipokuwa Kiabakari nilisimama nyuma ya gari, nikanyoosha kidole kwenye michirizi ya mafuta, nikakuhutubia kama ninavyohutubia darasa. Ulikuwa unahesabia mteja samaki wake. Hukuinua hata macho. Ulisema, "Gari nayo ina ngozi, Baba Neema. Iache ijipake mafuta." Yule mteja alicheka hadi akaacha kudai nyongeza. Mimi nilinuna mpaka Musoma. Sasa nakujulisha rasmi, mbele ya wanao, kwamba gari lilikuwa likijipaka mafuta kweli. Lilikosea tu kupaka upande mmoja.

Kazi ilikuwa upande wa kushoto. Magesa alimwaga dizeli, akasubiri, akagonga kwa nyundo, akaongeza bomba kwenye spana na kuning'inia nalo kwa uzito wake wote, na uzito wake unaujua. Kichwa cha bolti kikakatika, bolti yenyewe ikabaki ndani, imeshikamana na bushi, kile kipande cha mpira na chuma inamopita. Akafuta jasho, akaja karibu kama mtu mwenye siri.

"Mzee, tukate hapa, halafu tuchomelee palepale. Unatembea leo leo. Nani atajua?"

"Atakayebebwa ni mjukuu wa Mama Neema," nikasema.

"Mama Neema yupi? Yule mama wa kayabo?"

"Huyo huyo."

Akaiweka chini fimbo ya kuchomelea. "Hapana. Yule mama akijua, atanitia chumvi na kunianika. Tafuta bolti zenyewe, mzee, na bushi zake."

Basi nikaenda Bunda, kwa watu wa Manyamanyama wanaofungua magari mabovu na kuuza viungo vyake. Nilikagua bolti moja moja, nikazikataa nyingi, na muuzaji akaniuliza kama nanunua bolti au natafuta mchumba. Kwa kuwa wakwe wa Neema wanakaa mtaa huohuo, nilipita kuwasalimu. Mama mkwe aliiona mikono yangu, akaniletea maji, kisha akaleta mengine. Wamekubali mlale kwao Ijumaa mtakapofika kutoka Dodoma, ili nao wamshike mtoto. Walijitolea kutukodia gari la kutufikisha Mwitongo. Nikawashukuru, nikawaambia kwamba mtoto anao usafiri wake. Nilisema kwa sauti thabiti, Mama Neema, huku bolti zikiwa bado mfukoni na gari likiwa juu ya mawe.

Magesa alizikata zile za zamani, akafunga mpya. Akachukua grisi. Nikamwacha apake, halafu nikatoa kichupa nilichokuwa nimekijaza kutoka katika galoni lako lililobaki jikoni, nikapaka na ya kwetu juu yake. Alinitazama sana.

Jana nikalijaribu gari hadi Mwitongo. Shimo hili, kimya. Shimo lile, kimya. Nikaanza kuimba peke yangu, jambo ambalo naomba watoto wasilitaje. Mama alikuwa mlangoni akichambua maharage. Macho yake sasa yanaona vivuli tu, lakini masikio ni mazima.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Na hiyo gari ya nani?"

"Ya mkamwana wako."

"Muongo! Gari ya mkamwana naisikiaga toka kule kwenye kona. Hii imekuja kama mwizi. Umeiuza ya kwake, umenunua ingine!"

Nikaapa. Hakunisikiliza. Akachukua fimbo yake, akalizunguka gari akilipapasa, akaniamuru nifungue buti. Ndiye yuleyule, unakumbuka, ambaye siku ya kwanza ulipokwenda na gari kule alikataa kupanda kwa sababu ya harufu, na Jumapili iliyofuata akakaa mbele, kichwa nje ya dirisha, akiwapungia mkono watu wote wa kanisani. Aliinama jana, akaingiza uso ndani ya buti, akavuta pumzi ndefu. Kisha akacheka, akacheka, hadi akashika ukingo wa gari asianguke.

"Ni yenyewe," akasema. "Usiioshe. Mtoto ajue anabebwa na nani."

Kwa hiyo sikuliosha, ingawa nilikwisha kununua sabuni. Jumamosi asubuhi mtoke nje mapema na mtoto, msimame getini kwa wakwe pale Manyamanyama. Usitege masikio kama zamani, maana hutanisikia nikija. Utaninusa.

Nakusubiri, nami nawasalimu wote wawili walio mikononi mwako, mkubwa na mdogo.

Mumeo, na sasa babu,
Baba Neema