Makumbusho ya Lukenya na Kazi ya Baba Vitani

S.L.P. 1187,
Machakos.
12 Septemba 1999

Mpendwa kaka yangu Musembi,

Pokea salamu zetu kutoka huku nyumbani. Kifua chako kinaendeleaje? Natumaini baridi ya Francistown imepungua na unafundisha bila kukohoa. Wifi Wanza na watoto je? Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mvua bado haijaonekana, lakini shamba tumeshalima, tunangoja tu. Kibanda changu cha vitambaa kinaenda polepole.

Nakuandikia juu ya Baba. Usishtuke, haumwi.

Tangu Julai kuna mtu amekuwa akija nyumbani, anaitwa Justus Mwanzia. Alistaafu kazi ya simu. Kila mara anakuja nikiwa sokoni, na ni majirani ndio walioniambia. Siku moja nilifunga kibanda mapema, nikamkuta yeye na Baba wamekaa nyuma ya ghala, vichwa vimekaribiana. Waliponiona wakanyamaza kama watoto walioiba sukari. Nikamuuliza Baba wanaongea nini.

"Ni mambo ya redio tu," akasema.

Sasa niambie, kaka, ni mambo gani ya redio yanayozungumzwa kwa kunong'ona? Unajua wazee wanavyonyang'anywa mashamba siku hizi. Mtu anakuja na maneno matamu, anakunywa chai yako, na kabla hujajua kidole gumba cha mzee kimepakwa wino. Usiku huo nilichukua cheti cha shamba nikakihamishia kwangu. Baba hajui, na wewe usimwambie.

Aliporudi, huyo Justus akanieleza kwamba amefungua makumbusho kule Lukenya, katika nyumba ya zamani ya meneja wa machimbo ya mawe. Ati ni ya redio za wakati wa vita vya Hitler, na jinsi siri za adui zilivyokuwa zikifumbuliwa. Akataka kumpeleka Baba akaione.

"Baba alikuwa mpishi jeshini," nikamwambia. "Unamtaka wa nini?"

Justus akamtazama Baba. Baba akatazama chini. Hapo ndipo nilipoamua kwamba wakienda, tutakwenda wote watatu.

Alikuja kutuchukua kwa pikapu yake mwenyewe, na hilo nalo sikulipenda. Nani anatoa petroli yake bure? Nilikaa katikati yao njia nzima, mkoba wangu mapajani.

Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili na baraza. Kuna redio kubwa za chuma za rangi ya majani makavu, nyingine mtu mmoja hawezi kuinua. Kuna betri, nyaya, na picha za askari wetu wamevaa kaptula. Mezani kuna mashine kama taipureta yenye magurudumu. Ukibonyeza A inakupa herufi nyingine kabisa. Justus akanieleza kwamba adui alikuwa akivuruga maneno yake namna hiyo kabla ya kuyarusha hewani kwa alama za Morse, zile za mlio mfupi na mlio mrefu. Kwanza lazima mtu ayasikilize na kuyaandika. Halafu wenye hesabu wanakaa kuyafumbua.

"Na aliyesikiliza alikuwa nani?" nikauliza.

Akaelekeza kidevu nyuma yangu. Nilipogeuka, Baba alikuwa ameshaketi mbele ya redio moja bila kukaribishwa. Amevaa hedifoni, ameshika penseli, mgongo umenyooka. Kaka, mgongo ule ambao asubuhi nilikuwa nimeuinua mimi kitandani!

Justus akaingia chumba cha pili, akaanza kugonga kile kidude chao cha kupigia alama. Baba akaandika bila kutazama karatasi: KARIBU MZEE WATHOME. Justus akarudi anatabasamu. Mimi sikutabasamu.

"Mmefanya mazoezi," nikamwambia. "Wiki zote zile nyuma ya ghala."

Nikamrudisha Justus chumba cha pili, nikafunga mlango, nikamnong'oneza maneno ambayo wao hawangeweza kuyapanga, juu ya marehemu mama yetu: MWAITU ALIJUA?

Akasita. "Dada Mbinya, hilo si swali la kupiga kwa mashine."

"Piga."

Akapiga. Nikakimbilia kwa Baba. Akaandika herufi moja moja, zote, halafu penseli ikabaki imesimama juu ya karatasi. Nilidhani atavua hedifoni anigombeze. Badala yake akavuta kidude kilichokuwa pembeni, akagonga polepole. Justus akatoka chumba cha pili na karatasi yake. Alinipa bila kunitazama usoni.

HAPANA. NILIAPA.

Baba akavua hedifoni. "Aliniuliza mpaka akachoka," akasema. "Mzungu alituambia ukisema, unafungwa. Hakuna aliyerudi kutuambia tumefunguliwa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Vita vyote alikaa katika kambi moja ya pwani akiandika herufi tano tano zilizorushwa na meli za adui. Hakuelewa hata neno moja, na hakuwahi kuambiwa zilisema nini. Justus alipata jina lake kwa mzee mmoja wa Masinga aliyekaa na Baba kambi moja, ambaye ameshakufa. Kule nyuma ya ghala alikuwa akimbembeleza tu aseme.

Karatasi ambayo Justus anataka Baba aitie sahihi nimeisoma mwenyewe, na mchungaji ameisoma. Inaomba kurekodi sauti yake, basi. Hata hivyo sijamwamini Justus. Mtu anayejua kumbembeleza mzee hivyo anaweza kumbembeleza kwa lolote. Baba amekubali kwenda huko kila Jumamosi kuwaonyesha wageni, na nimesema lazima niwe nakwenda naye. Cheti kitabaki kwangu.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, Baba hakuingia ndani kunywa chai. Alikwenda kaburini kwa Mwaitu na kiti chake, akakaa. Nilimfuata na kofia kwa sababu jua lilikuwa kali. Alikuwa akiongea Kikamba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mkewe jikoni, akimweleza habari za kambini. Alikuwa bado hajafika mbali katika masimulizi yake. Nilimvika kofia nikaondoka, naye hakukatiza.

Shangazi Nzembi anakusalimu, na Mbithi anauliza utakuja lini. Msalimie Wanza, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike mchana na usiku, awarudishe nyumbani mkiwa wazima.

Ni mimi dada yako ninayekupenda siku zote,
Mbinya