Swali Ambalo Sikumuuliza Komanda

Kindu, siku ya ine

Komanda wa waasi alitia sahihi mapatano kule Pangi. Sisi watu wa kamati ya amani tulipiga makofi, na hakuna kati yetu aliyeamini. Hii njo mara ya tatu anaahidi kuwaachia wakulima mashamba yao. Na karatasi yenyewe haitaji hata shamba moja.

Nilipofika nyumbani, dada yangu Zaina alikuwa ananingoja mulangoni. Watu wa komanda huyo ndio waliomuchukua bwana yake wakati wa mavuno ya mupunga.

"Ulimuuliza kama iko muzima?"

Sikumuuliza. Niliogopa angekasirika, asikubali kutia sahihi.

"Nilimuuliza," nikasema. "Anasema atamutafuta."

Zaina alinishukuru mara mbili. Kisha akatoa shati za bwana yake, akaanza kuzifua.