Sasa Mimi Ndiye Ninayemsomea Baba Yako Mkubwa

Bofu, Likoni,
Mombasa.
8 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Ruth,

Bwana asifiwe. Shikamoo zako ulizompa kaka yako Ngala atufikishie zimefika salama, nasi tunakuitikia marahaba, mimi na baba yako mkubwa. U hali gani huko Doha? Joto je, na wagonjwa unaowauguza? Hapa masika yamekawia kuondoka, njia ya kwetu ni tope tupu, lakini tuko kwa neema ya Mungu. Goti langu linauma kama kawaida yake.

Ngala alikwambia kwamba baba yako mkubwa alipata kiharusi. Hakukwambia yote, maana sikutaka uhangaike ugenini. Mkono wa kulia ulilegea, nao sasa unarudi, anashika kikombe. Maneno hayakumpotea. Kilichopotea ni kusoma. Daktari alisema macho ni mazima, ila ile sehemu ya ubongo inayounganisha herufi imeumia. Huenda ikapona polepole, huenda isipone. Akifungua kitabu anaona kama siafu waliotibuliwa.

Nawe unamjua mtu huyo. Ukija likizo ulikuwa ukilala chumba kimoja na makatoni yake ya vitabu. Alipotoka Kaloleni kuja kutafuta kazi bandarini, alipita mbele ya maktaba kule kisiwani akadhani ni ofisi ya serikali, mpaka mama mmoja wa mlangoni akamwambia, "Ingia, baba, hapa hafukuzwi mtu." Tangu hapo kila Jumamosi alivuka feri kwenda maktaba, hata wiki ile tuliyofunga ndoa. Visivyoazimwa alivinunua kwa wale wanaotandaza chini, vingine havina jalada, vingine vimegugunwa na panya. Mimi niliviita mke mwenza. Nikimwita chakula asipoitika, nilijua yuko kwa nani.

Aliporudi kutoka hospitali alikaa akiipa rafu ya vitabu mgongo. Chakula akawa anakidonoa tu. Siku moja akaniambia, "Nyevu, mwite yule mnunuzi wa karatasi. Avichukue vyote."

Nikamuuliza kama amefikiri vizuri.

"Kuvitazama," akasema, "ni kama kukaa na ndugu zangu wasionijua tena."

Nilikwenda jikoni nikalia. Miaka yote nilikuwa nikiitamani nafasi ile ya rafu, na siku ilipopatikana sikuitaka.

Mnunuzi anaitwa Lenox, mtu mzima mwenye adabu. Karatasi zake huwapelekea wauza njugu. Alikuja na mkokoteni na mizani, akaanza kutoa fungu kwa fungu. Baba yako mkubwa akanyoosha mkono, akazuia kimoja kisicho na jalada. Akakigeuza, akakigeuza tena. "Hiki ni kipi?" Hakuweza kukitambua. Mwanangu, uso wake siku ile sitaki kuuona tena. Nikakipokea upesi, nikamsomea ukurasa wa kwanza ili ajue ni kipi.

Mimi niliishia darasa la sita. Nasoma Biblia na jumbe za simu, basi. Nilikwenda nikijikwaa. Nikikosea neno, ananisahihisha. Nikiruka mstari, anasema, "Rudi nyuma, mjane hajafika mtoni." Ilikuwa hadithi ya mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji, na yeye aliijua kama njia ya kwao. Nilipomaliza sura nikainua macho, namwona Lenox amekaa juu ya mkokoteni, mizani mapajani.

"Mama, sasa shamba walimrudishia?"

Baba yako mkubwa akacheka, mara ya kwanza tangu augue. "Njoo kesho," akamwambia. Lenox akaondoka na magazeti makuukuu peke yake.

Tangu siku hiyo namsomea barazani kila alasiri. Jirani yetu Florence huja na mchicha wake akauchambulia papo hapo, na Lenox hupitia akipata nafasi. Sikwambii kwamba kila siku ni njema. Zipo siku hunipokonya kitabu, akaukodolea macho mstari mmoja mpaka jasho likamtoka, kisha akanirudishia. Siku hizo sisomi. Tunakaa tu.

Ukija Desemba, usimletee zile dawa za macho ulizozoea kumletea. Niletee mimi miwani ya kusomea.

Shangazi yako Mbeyu wa Port Reitz anakusalimu sana, na Ngala na mkewe pia. Florence anauliza utaolewa lini; mimi nimefikisha tu.

Kabla sijafunga, nikuchekeshe. Tulianza kitabu alichokinunua siku chache kabla ya kuugua, hata yeye hajapata kukisoma. Jumatano amelala mchana, nikashindwa kungoja. Nikakichukua jikoni, nikasoma mbele. Wali ukaungua. Harufu ikamwamsha, akaja polepole na mkongojo wake, akanikuta nimeinamia kitabu machozi yananitiririka.

"Umefika wapi?"

"Sura ya kumi na moja."

Hakuuliza habari za wali. Alivuta kigoda, akakaa karibu yangu. "Usiniambie kitu," akasema. "Rudi ya tisa, twende pamoja."

Mungu akulinde katika zamu zako, na siku ya kurudi akufikishe kwetu mwili mzima na moyo mzima.

Akupendaye daima,
Mama yako mkubwa,
Nyevu