Ramani ya Kentucky na jina la Kevin

Jumapili, Februari 2015. Columbus, Ohio.

Theluji inaanguka tangu asubuhi na mimi nimeamka nimenuna. Sikwenda kanisani. Nimekaa na ramani yangu ya Kentucky wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ile karne ya kumi na tisa. Familia zilizounga mkono Kaskazini nazipaka buluu, za Kusini kijivu. Ndiyo tasnifu yangu.

Ijumaa profesa aliirudisha. Familia ambazo sikupata kumbukumbu zao nilizijaza kwa jina la ukoo: nikimpata mmoja wa jina hilo aliyepigania Kusini, basi wote kijivu. Niliona ni akili ya kawaida tu. Akanionyesha picha ya makaburi mawili ya ndugu, baba mmoja mama mmoja, kila mmoja upande wake. Kisha akauliza, kwa upole, nani alinifundisha kusoma majina namna hiyo.

Nilicheka. Ningemwambia nini? Kwetu Kenya hufundishwi. Mtu akitaja jina lake la pili, ushajua kwao ni wapi, alimpigia nani kura, na kama utamwamini.

Kevin yuko Louisville, kule Jeffersontown, anafanya kazi kiwandani. Ni Mkenya mwenzangu. Nikisema naenda Kentucky kutafuta kumbukumbu, nusu ya safari ni yeye. Anataka tuoane. Mama anajua yupo, anajua anaimba kwaya, anajua hanywi. Ila kila akiniuliza "Kevin nani?", simu inakatika.

Naikata mimi.

Duka la mama lilichomwa baada ya ule uchaguzi wa 2007. Waliolichoma ni majirani, na majina yao ni ya kabila la kina Kevin. Mama hajakanyaga tena Bonde la Ufa.

Na mimi je? Naona haya kuandika: siku Kevin aliponitajia jina lake kamili, nilivuta mkoba wangu karibu.

Leo asubuhi mama amepiga, kwao alasiri, ametoka ibadani. Akauliza tena, na nikachoka kukata simu.

"Ni Kevin Kiprotich, mama."

Nikasikia kuku wake uani. Nilijiandaa kwa kilio, hata kwa mstari wa Biblia.

"Njeri," akasema polepole, "babake alikuwa wapi wakati ule?"

Nilitegemea aulize kabila. Ameuliza habari za mtu mmoja, alisimama wapi, na hilo ndilo swali ambalo mimi nililikwepa kwenye ramani yangu. Nikamwambia nitauliza. Miaka miwili niko na Kevin na sijamuuliza. Nilijiambia ni mapenzi, hayajali mambo hayo. Uongo. Ni woga.

Kesho akitoka kazini nitampigia, nimuulize. Namwomba Mungu iwe baba yake alikuwa mbali.

Kevin anajua kwamba duka letu liliungua, nilimwambia mwenyewe. Mbona hajawahi kuniuliza nani alilichoma?