Mtu wa Kuitwa Nikianguka

Jumatatu, 10 Juni

Kalundu hadi shuleni Kasenga: kilomita tano na mita mia mbili. Dakika ishirini na sita. Lori la samaki lilinizuia karibu na bandari, la sivyo ningeshinda. Ningemshinda nani, sijui. Vumbi la kiangazi lilijaa kwenye kioo cha kompyuta ya baiskeli, nikakipangusa kwa tai. Wanafunzi waliona, wakacheka. Wana haki.

Niliinunua mwezi jana kwa Mzee Ramazani, muuza mitumba. Inanionyesha njia, mwendo, mwinuko. Nikifika inalia kidogo. Nyumbani mwangu hakuna kingine kinachotoa sauti tangu mke wangu Josephine afariki.

Jumatano, 12 Juni

Kwa Yaya Faida, Kimanga: kilomita mbili na nusu. Nimepita bila kusimama. Lango lilikuwa wazi, alikuwa anaanika muhogo. Nikaangalia kioo nisimwangalie yeye. Dada yangu mkubwa, na sina ndugu mwingine.

Kwenye matanga ya Josephine alisema mbele ya watu wote kwamba nilichelewa kumvusha mgonjwa kwenda hospitali Bujumbura. Tangu siku ile sijakanyaga kwake. Mwaka wa pili huu. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, ndivyo wasemavyo. Majirani wameshalima misimu kadhaa. Kapu la kuvunia bado halijatakiwa.

Ijumaa, 14 Juni

Nimegundua kitu. Nikianguka, kimashini hiki cha baiskeli kinahisi. Kinahesabu sekunde thelathini, halafu kinatuma ujumbe kwa njia ya simu yangu: fulani ameanguka, yuko mahali hapa. Kinachotaka ni jina na namba ya mtu mmoja. Mmoja tu.

Nimekaa na simu saa nzima. Mkuu wa shule? Atadhani natafuta ruhusa. Ramazani? Mimi ni mteja wake, basi. Namba ya Yaya Faida naijua kwa kichwa. Nimeiandika. Nimeifuta. Bila namba hakiendelei mbele. Nimeweka yangu mwenyewe. Mjinga mimi.

Jumapili, 16 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Polepole.

Nilitoka baada ya misa ya kwanza, kuelekea kaskazini, uwanda wa Ruzizi. Milima kushoto, barabara tambarare, mwendo mzuri. Nilikuwa karibu kuimba. Kupita Kiliba kidogo, ng'ombe akakata njia. Nikaingia kwenye mtaro wa maji ya mashamba, baiskeli juu yangu. Kimashini kikaanza kulia na kuhesabu. Sikukifikia kitufe cha kukizima. Sekunde zikaisha.

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Niliitoa na kuisoma nikiwa bado nimelala kwenye matope. Barnabé ameanguka. Yuko mahali hapa.

Sijawahi kujisikia mpweke namna ile, hata makaburini.

Mkulima mmoja na mkewe walikuwa wanatoka kanisani, nguo safi. Walinivuta juu.

"Iko muntu ya kuita?" mume aliuliza.

Nikasema hapana. Wakasemezana Kirundi. Akarudi kwangu: "Hata moja?"

Hata mmoja. Mke akafungua kitenge chake cha Jumapili, akanifunga mkono nacho. Walisimama nami juani mpaka pikipiki ikapatikana. Nililia, na haukuwa mkono ulioniliza.

Jumanne, 18 Juni

Mfupa una ufa. Wiki sita bila baiskeli.

Nina hasira na Faida. Hasira kubwa zaidi ni kwamba alisema kweli. Siku tatu nilisubiri homa ya Josephine ishuke yenyewe. Nilisema kesho, kesho. Hili sijawahi kuliandika popote.

Jumamosi, 22 Juni

Kwa miguu hadi Kimanga.

Yaya alitazama bandeji. Akaleta kiti. Nikamweleza yote: kimashini, mtaro, ujumbe ulionijia mwenyewe. Nikamwambia na zile siku tatu. Aliendelea kuchambua sombe, majani yake ya muhogo, moja moja. Nikamwomba niandike namba yake.

"Andika," alisema. Kisha akasema: "Weye ukianguka, bataita minye. Na minye nikianguka, bataita nani?"

Shemeji alikufa zamani, binti yao yuko Lubumbashi. Mwezi mzima nimepita mbele ya lango lile nikihesabu mita, na kabla ya hapo bila kuhesabu. Sikuwahi kujiuliza anakaa na nani.

Akatoa karte yake ya kura, kitambulisho ambacho hatoki nyumbani bila kuwa nacho. Nikabandika kipande cha karatasi nyuma yake, nikaandika jina langu na namba. Herufi za mtoto wa darasa la kwanza. Akaisogeza kwenye mwanga, akasoma. Amesema saba yangu inafanana na moja.

Nimeiandika tena.