Kiti cha Aliyenipa Mimba

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na hiyo ni ya umri wako tu. Huku mvua imekatika na paka wa jirani amezaa. Yeye hakuna aliyemwuliza baba ni nani.

Nakuandikia kutoka wodini, nimelalia ubavu. Lile tumbo uliloliitishia kikao cha ukoo limepata jibu: kidole tumbo kilipasuka, usaha ukajikusanya chini kwenye nyonga. Nilijifungia ndani na maumivu yangu kwa kuwa ulikwishatangaza mtaa mzima kwamba nina mimba. Nusura nife kwa aibu isiyo yangu.

Jana walinilaza kifudifudi kwenye mashine ya picha. Daktari akawa anatazama skrini huku akipitisha sindano takoni hadi kwenye usaha, kisha mrija mwembamba. "Pumua, dada, tumeufikia," akasema. Usaha ukashuka kwenye mfuko uliofungwa mwisho wa mrija, nikalia kwa raha.

Kesho naruhusiwa, na mrija wangu na mfuko wake. Kikao usikiahirishe, Shangazi. Kile kiti mlichomwekea aliyenipa mimba kiacheni palepale. Nitakuja na mfuko, nitauketisha hapo, muudai mahari nyie wenyewe.

Ni mimi,
binti wa kaka yako.